Kuvuka feri na kupanda jahazi Mombasa kwa kiti cha magurudumu: mwongozo wa anayetoka Nairobi

"Hakuna shida dada, tutakubeba."

Jibu hilo nimelisikia kwenye simu mara nyingi, kila ninapouliza kama kiti changu kitaingia chomboni. Mara ya kwanza niliamini. Nikafika gatini jioni, nimependeza, nikakuta ngazi ya mbao yenye vidato saba na mabaharia wawili, mmoja wao kafungwa bendeji mkononi. Wakanibeba kama gunia la mkaa mbele ya wageni waliokuwa wakinywa madafu. Kiti kikabaki nchi kavu, na kwa saa tatu nilikaa pale pale nilipowekwa. Samaki alikuwa mtamu, hilo sitalikana. Lakini nilikula kidogo na sikunywa chochote, kwa sababu choo kilikuwa upande wa pili wa jahazi na mimi sikuwa na miguu wala magurudumu.

Nakaa Donholm na natumia kiti cha kusukuma kwa mkono. Tangu jioni ile nimeshuka Mombasa mara kadhaa na binamu yangu, ambaye ndiye mikono yangu ya pili, na tumejifunza kuuliza kabla ya kufika. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika Nairobi, wiki mbili kabla ya safari.

Hatua ya 1: Pima kiti ukiwa umekikalia

Tafuta futi ya fundi wa nguo. Pima upana kutoka ukingo wa nje wa pete ya kusukumia upande mmoja hadi ukingo wa nje wa ile nyingine. Kisha ongeza sentimita tano kila upande, kwa ajili ya vidole vyako. Changu kina sentimita 64, kwa hiyo nahitaji njia ya 74. Pima pia urefu kutoka nyuma ya gurudumu kubwa hadi ncha ya viatu, maana huo ndio unaoamua kama utaweza kupinda kona, na ujue uzito wa kiti na wako. Ukishakuwa na namba hizi kwenye karatasi, mazungumzo ya simu hubadilika kabisa.

Wenye viti vya betri niwaambie mapema. Viti vingi vya aina hiyo hupita kilo 50 kabla mtu hajakaa, na maji ya chumvi yakiingia kwenye mota yake hasara ni yako. Kwa feri kubwa sawa, kitapanda chenyewe. Kwa jahazi au mashua, azima cha kusukuma.

Hatua ya 2: Kipeleke kwa fundi

Breki kwanza. Kiti ambacho breki zake zinashika "kiasi" hukaa vizuri sebuleni, lakini juu ya sitaha iliyolowa ni hatari. Gusa pia zile raba za mpini wa kusukumia. Zikizunguka au zikichomoka ukizivuta kwa nguvu, zigandishwe upya, kwa sababu ndizo mtu atakazoshika siku utakaponyanyuliwa. Karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, iliyoko Waiyaki Way, Nairobi, inavijua viti hivi. Fundi wa baiskeli wa mtaani pia anatosha kwa spoki na tyubu, ila angalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 24 × 1 3/8 si sawa na 24 × 1.95 ya baiskeli ya mlimani, ingawa zote huitwa "nambari ishirini na nne". Mimi nilinunua tyubu ya akiba bila kutazama, nikaibeba hadi Mombasa na kuirudisha.

Hatua ya 3: Piga simu, na ukatae "hakuna shida"

Usiulize "mnapokea watu wa viti vya magurudumu?" Swali hilo linaomba wema, na Mpwani hakunyimi wema. Uliza mambo yanayojibiwa kwa namba. Kutoka maegesho hadi chomboni kuna vidato vingapi? Ubao wa kupandia una upana wa sentimita ngapi, na una kingo? Gati linaelea na kupanda pamoja na maji, au ni la saruji lisilosogea? Mlango wa choo una upana gani, na uko sitaha ile ile nitakayokaa? Wakati wa kushuka maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa?

Akianza kusitasita, mwombe akutumie picha kwa WhatsApp: ubao wa kupandia, mtu akiwa amesimama juu yake, ipigwe saa ile ile ya safari yako. Mtu aliyesimama ndiye anayekuonyesha mwinuko halisi. Ubao mtupu kwenye picha huonekana tambarare kila mara.

Kipimo kinachokubalika kwa mteremko wa kiti ni moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda mita moja kunahitaji ubao wa mita 12. Sasa fikiria Mombasa, ambako siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ili ushuke mita tatu kwa usalama unahitaji ubao wa mita 36, sawa na mabasi matatu yaliyopangwa kichwa kwa mkia. Hakuna jahazi lenye ubao kama huo. Kwa hiyo anayekuambia "iko ramp" hajajibu kitu mpaka akutajie saa.

Ukiambiwa moja kwa moja kwamba hawakupeleki kwa sababu ya kiti, hapo ndipo utaje Katiba. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, pamoja na kutumia usafiri wa umma. Mimi siianzi simu nayo, humfanya mtu ajifunge. Lakini kadi yangu ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwa mkobani, na jina la niliyeongea naye pamoja na tarehe huwa limeandikwa.

Hatua ya 4: Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya likizo

Hili ndilo nililochelewa kulijua, na ndilo linalobadilisha kila kitu. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Katikati yake ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, hata ya mita moja hivi.

Siku za bamvua Mombasa, maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka. Kwa hiyo wa kiti ana njia mbili. Aende siku za maji mafu, apate mteremko usiobadilika sana saa yoyote, au aende bamvua na asisogelee gati asubuhi. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini linapatikana mtandaoni. Mvuvi yeyote atakuambia bila jedwali.

Angalia na upepo. Kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka, na chombo kinachoyumba humtupa kwanza asiyeweza kujikaza kwa miguu. Ndani ya mlango wa bandari na kwenye hori la Tudor maji hutulia zaidi. Miezi ya kaskazi huwa mizuri, ila joto ni lile lile linalomkaanga mtu wa Nairobi.

Na joto si utani kwa baadhi yetu. Aliyeumia uti wa mgongo juu ya kifua huenda hatoki jasho sawasawa chini ya jeraha, hivyo mwili unapanda joto bila yeye kuhisi. Beba chupa ya kunyunyizia maji, leso ya kulowesha shingo, na ukae kivulini hata kama wenzako wanataka picha juani.

Hatua ya 5: Treni

Basi la usiku nililiacha zamani. Ngazi zake zilinitosha. Kwa Madaraka Express kata tiketi kwa *639#. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Tofauti yake kwetu iko kwenye njia ya katikati: daraja la kawaida viti hupangwa vitatu upande huu na viwili ule, la kwanza viwili kwa viwili. Kiti chako cha magurudumu hakitapita ndani ya behewa kwa vyovyote, kwa hiyo utahamia kwenye siti karibu na mlango. Mwambie mhudumu wa behewa mapema, kabla ya msongamano, akubadilishie nafasi na aliyepewa siti ya mlangoni.

Fika Syokimau, kituo cha Nairobi, saa moja na nusu kabla. Kuna ukaguzi, mizigo hupangwa chini mbwa waipitie, kisha lifti ya kwenda juu ambayo watu wenye mabegi huipenda kuliko sisi. Kwa teksi ya kukufikisha huko, omba Probox ukiweza. Kiti kinaingia nyuma bila kukunjwa, na dereva wa Probox hana gari la kulionea huruma.

Mto wa kukalia usiuache kwenye kiti kitakapowekwa mwisho wa behewa. Ukalie ndani ya treni. Ni saa tano hadi sita, na siti za daraja la kawaida zimesimama wima. Jinyanyue au uegemee upande kila nusu saa ili damu ipite. Kidonda cha kukalia huanza kama doa jekundu tu, kisha kikakulaza miezi.

Treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, ndiyo ninayoipenda. Inafika Miritini, kituo cha Mombasa, mchana. Ile ya saa tisa alasiri inakufikisha gizani.

Kama shabaha yako ni Diani na huna hamu ya feri, toka Miritini kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu. Inakuvusha hadi upande wa Kwale kwa madaraja, bila kuingia mjini wala kugusa Likoni. Mama yangu angeniambia nipite huko kila siku. Lakini mimi napenda feri.

Hatua ya 6: Likoni

Feri ya Likoni, inayovusha watu kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, ni bure kwa waendao kwa miguu, na magurudumu yetu yanahesabiwa miguu. Upana wa maji ni kama nusu kilomita na kuvuka ni dakika chache. Hutumiwa na zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na hapo ndipo ugumu ulipo. Asubuhi umati hutoka Likoni kuingia kisiwani. Jioni, kuanzia saa kumi, hurudi. Kwa hiyo ile saa ya bamvua nzuri, maji yakiwa yamejaa, ndiyo saa ya watu kutoka kazini. Tunavuka saa nane na nusu hadi saa tisa na nusu: maji yameshapanda vya kutosha, umati haujaanza.

Fika getini umtafute askari kabla lango halijafunguliwa. Mwombe akutangulize mbele ya umati au akuache nyuma kabisa. Katikati usikubali. Lango likifunguliwa watu hukimbia, na anayekimbia haoni kitu kilicho chini ya usawa wa kifua chake.

Kisha mteremko. Ni wa saruji, unaingia baharini, na feri huja kulaza mlango wake wa chuma juu yake. Maji yakijaa feri husimama juu, na safari yako ni fupi. Yakikupwa hufuata maji chini, na wewe unaifuata juu ya saruji iliyotoka kulowa, ina ukijani na mafuta ya magari. Mara yetu ya kwanza binamu yangu alinishusha nikitazama mbele, visigino vyake vikiteleza, mimi nikihisi nitamwagika. Nyuma yetu kulikuwa na hamali mwenye mkokoteni wa nazi. Akapaza sauti: "Kaka, mgeuze! Ashuke kinyumenyume kama mkokoteni, wewe utangulie chini!"

Alikuwa sahihi, na ndivyo inavyotakiwa kila mahali. Unashuka mgongo ukitangulia, msukumaji yuko upande wa chini, anarudi nyuma polepole, uzito wako unaegemea kwenye kiti badala ya kuning'inia nje yake. Ukipanda upande wa pili, unatazama mbele na yeye anasukuma kutoka nyuma. Kama ni mteremko mrefu omba mtu wa pili ashike fremu mbele, juu ya magurudumu madogo. Asishike kikanyagio. Kinachomoka.

Pale mlango wa chuma unapokutana na saruji kuna ukingo na ufa. Magurudumu madogo ya mbele hunasa hapo. Usiuvamie kwa kasi. Simama, inua ya mbele, vuka kwa yale makubwa.

Ndani ya feri kaa sitaha ya chini, pembeni, mbali na milango ya chuma ya pande zote mbili. Sitaha ya juu, kwa feri zilizo nayo, hufikiwa kwa ngazi, isahau. Weka kiti kikingamane na mwendo wa feri, ubavu ukitazama mlango, ili breki zikilegea usibiringike kuelekea majini. Breki zote mbili, na mkono wa mwenzako kwenye mpini. Feri ikijaa kupita kiasi, acha iende. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, mita chache kutoka nchi kavu, na wengi wao walikuwa na haraka ya kufika kazini.

Watu huniuliza kwa nini nisivuke nikiwa ndani ya teksi. Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee na mama na mtoto wake wakazama nalo. Mtu anayetembea ana nafasi ndogo ya kutoka kwenye gari kama hilo. Mimi sina. Ukilazimika, fungua mikanda na vioo vyote kabla feri haijaondoka, na dereva asikubali kuwa wa mwisho karibu na mlango.

Wakati wa kushuka, ngoja waliosimama wote watoke. Wataisha.

Hatua ya 7: Jahazi na mashua

Hapa kubebwa huenda kukawa hakuepukiki hata baada ya maswali yote. Basi ubebwe kwa mpango. Ukibebwa pamoja na kiti, watu wanne: wawili kwenye mipini, wawili kwenye fremu ya mbele. Mikono ya kiti isiguswe, vikanyagio vichomolewe kwanza. Ukibebwa bila kiti, mmoja apitishe mikono chini ya makwapa yako kutoka nyuma na ashike vifundo vya mikono yako iliyokunjwa kifuani, mwingine ashike chini ya mapaja. Kiti kipande baada yako, au kabla, lakini kipande. Hilo ni sharti langu la kulipa.

Na wewe ndiye unayehesabu. Nahodha mmoja wa Mji wa Kale alipendelea kusema "harambee!" badala ya "tatu". Nikamwambia neno lolote linafaa mradi wote wanyanyue kwa neno hilo hilo, maana kwenye jaribio la kwanza mmoja alinyanyua kwenye "ha" na mwingine kwenye "bee".

Jaketi la kuokolea maisha livae ukiwa bado gatini, umekaa. Litikisike kidogo sana likivutwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, majini litakuvuka kichwa. Jaketi lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja ndilo bora kwetu. Miguu iliyopooza huelea kwa namna yake, na jaketi la kawaida linaweza kukulaza kifudifudi. Njia ya kujua ni kujaribu kwenye bwawa la kuogelea Nairobi, na mtu kando yako, kabla ya kwenda. Mimi niligundua kwamba la kwanza nililonunua linanigeuza, nikiwa kwenye maji ya kifua, si katikati ya Kilindini.

Usifungwe kwenye kiti ukiwa chomboni, na kiti kisifungwe kwenye chombo wewe ukiwa umefungwa humo. Mkanda wa kiti unaokulinda barabarani, chombo kikipinduka unakuzamisha pamoja na chuma. Mabaharia watakuja na kamba kwa nia njema. Waambie wafunge kiti kitupu, wewe ukae benchini, mto chini yako, karibu na mlingoti au popote penye kitu cha kushika.

Choo: chukulia hakipo. Anayetumia mpira wa mkojo (katheta) abadilishe mfuko kabla ya kupanda na abebe mwingine. Usijinyime maji siku nzima kama nilivyofanya mimi, joto la Mombasa halitaki hivyo.

Lamu sijaipanga tena. Gati lina ngazi, vichochoro vina vidato na punda, na mabaharia wake ni wapole kuliko wote. Kisumu pia huuliziwa sana, na kwa boti ndogo za Dunga hesabu ni ile ile ya kunyanyuliwa, bila bamvua.

Hatua ya 8: Usiku huo huo, osha chumvi

Kabla hujalala, hata kama umechoka. Maji baridi ya mfereji kwenye spoki, ekseli, na hasa vile vyuma vidogo vya magurudumu ya mbele ambako mchanga hujikusanya pamoja na nywele. Usitumie mpira wa maji wenye kasi, unasukuma chumvi ndani ya bearingi. Futa, acha kikauke wima, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Mara moja niliacha hadi nirudi Nairobi, nikasema nitakiosha Jumapili. Jumatatu breki ya kulia ilikuwa imeshika kutu, haikufunga wala kufunguka, na niliizungukia jikoni kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi mpaka fundi alipokuja na nyundo.